Jinsi ya kugeuza metali iwe kimiminika cha spini ndani ya laptopu yako, hata kama umeme unakatika

Kitu chenyewe ni hiki: unachukua metali, kitu kinachopitisha umeme vizuri tu, huongezi wala hupunguzi hata elektroni moja, unachofanya ni kuongeza nguvu ya elektroni kusukumana zenyewe kwa zenyewe, na ukifika mahali fulani katikati umeme unagoma kabisa kupita lakini spini za zile elektroni, yaani ule usumaku mdogo ambao kila elektroni inazaliwa nao, hazitulii, hazijipangi kuwa sumaku hata ukipoza mpaka karibu na sifuri kelvini. Hapo umepata kimiminika cha spini cha kwanta. Wengi wakisikia hii stori wanadhani inataka maabara ya mabilioni, na kwenye fuwele halisi ni kweli inataka, ila ule mgeuko wenyewe unaweza kuukaribia kwa Python kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Nawaandikia hasa wadogo zangu mlioko Makerere, Kyambogo, Mbarara, Gulu na Muni kule Arua, mliosoma kwanta mkaishia kwenye atomu ya haidrojeni, mkaambiwa metali ni elektroni huru, mtihani ukapita, mada ikafungwa.

Tuanze na shaba, ile iliyokuwa inachimbwa Kilembe na kuyeyushwa Jinja. Kila atomu ya shaba inatoa elektroni moja ya nje, na nafasi hiyo ya nje kwa sheria ya Pauli inabeba mbili, moja spini juu na moja spini chini. Kwa hiyo bendi, yaani lile kundi la ngazi za nishati ambazo elektroni za atomu zote zinashirikiana, imejaa nusu, na kitabu kinasema bendi ikijaa nusu basi hiyo ni metali, na shaba inatii. Tatizo lilikuja 1937 kwenye mkutano wa wanafizikia huko Bristol, Uingereza, pale de Boer na Verwey walipoonyesha kwamba kuna oksaidi, kwa mfano ya nikeli, ambazo kwa hesabu hiyohiyo ya bendi zilitakiwa zipitishe umeme na hazipitishi ng'o. Peierls akasema tatizo ni kusukumana kwa elektroni, na Mott akaibeba hiyo hoja miaka mingi, karatasi yake inayotajwa sana ni ya 1949, Nobeli akapata 1977 pamoja na Anderson na Van Vleck.

Fikiria hosteli ya Wandegeya ambayo kila chumba kina kitanda cha deka, juu mmoja chini mmoja, na wanafunzi ni sawasawa na idadi ya vyumba. Kama watu hawana shida kulala wawili chumba kimoja, kila mtu anazunguka anavyotaka, leo huku kesho kule, hiyo ni metali. Sasa weka sheria kwamba chumba kikilala watu wawili kinalipiwa faini kubwa mno. Kila mtu atakaa kwake, na hakuna wa kuhama kwa sababu kila chumba tayari kina mtu, vitanda tupu vimejaa jengo zima lakini hakuna anayesogea. Hicho ndicho kihami cha Mott, na hivyo ndivyo kinavyotofautiana na kihami cha kawaida ambacho vitanda vyote vimejaa.

John Hubbard mwaka 1963 aliiandika hii habari kwa namba mbili tu. Ya kwanza ni t, urahisi wa elektroni kuruka kwenda atomu jirani. Ya pili ni U, gharama ya elektroni mbili kukaa atomu moja. Uwiano wa U kwa t ndio kitufe chetu, tunakizungusha basi, hakuna kingine. Shaba ni metali kwa sababu elektroni zake za nje zinaruka kirahisi sana kulinganisha na gharama ya kukaa pamoja.

Kwanza karatasi na kalamu

Usikimbilie kompyuta. Chukua atomu mbili na elektroni mbili, weka t = 1. Kwa singleti, yaani spini mbili zimefungamana jumla yake sifuri, unabaki na matriksi ndogo ya 2 kwa 2: hali ya kwanza kila elektroni iko kwake, nishati 0, hali ya pili mbili ziko pamoja, nishati U, na kinachoziunganisha ni −2t. Ukitatua unapata nishati ya chini E = (U − √(U² + 16t²))/2. Tripleti yenyewe, spini zote upande mmoja, haiwezi kuruka popote kwa sababu ya Pauli kwa hiyo nishati yake ni 0 tu.

Weka namba. U = 0 inakupa −2. U = 4 inakupa −0.828. U = 8 ni −0.472, na U = 20 ni −0.198. Sasa piga 4t²/U: kwa 8 ni 0.5, kwa 20 ni 0.2. Umeona zinavyokaribiana? Hiyo 4t²/U ndiyo J, nguvu inayofanya spini za majirani zitake kuelekeana kinyume, na imetoka wapi, imetoka kwa elektroni kuchungulia kwa jirani na kurudi haraka kabla faini haijaanza kuuma. Yaani hata umeme ukishagoma, elektroni bado zinaongea kwa njia ya spini. Hii point iweke kichwani, kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Angalia pia uwezekano wa kukuta elektroni mbili pamoja, unaupata kwa kutafuta mteremko wa E ukibadilisha U. Kwa U = 0 ni 0.5, kwa 4 ni 0.146, kwa 8 ni 0.053, kwa 20 ni 0.01 hivi. Unashuka taratibu bila kukatika popote, kwa sababu atomu mbili hazina mgeuko wa ghafla, mgeuko halisi unataka atomu nyingi sana. Hilo tutalirudia kwa sababu ndipo watu wanajidanganya.

Pembetatu ndiyo inaleta vurugu nzuri

Ukipanga atomu kwenye mraba, spini zinapata raha: juu, chini, juu, chini, kila jirani kinyume, sumaku imejipanga na kazi imeisha. Mbaya zaidi, kwenye mraba wa majirani wa karibu tu uliojaa nusu hiyo sumaku inaingia hata U ikiwa ndogo, kwa hiyo hauoni metali ikigeuka kimiminika, unaona metali ikifa na sumaku ikizaliwa hapohapo. Usipoteze muda huko.

Pembetatu ni kitu kingine. Spini ya kwanza juu, ya pili chini, ya tatu ifanyeje? Ikielekea juu inagombana na ya kwanza, ikielekea chini inagombana na ya pili. Huo ni mkwamo. Fanya hesabu yake ya kwanta kwa mkono, ni rahisi: spini tatu zenye J kati ya kila jozi zinakupa hali 8, nne ziko kwenye −3J/4 na nne kwenye +3J/4. Hebu angalia hapo chini ziko nne sawasawa, hakuna mshindi mmoja. Mbili kati ya hizo zinatofautiana na mbili zingine kwa mwelekeo wa kuzunguka tu, kama saa au kinyume cha saa, na huo mzunguko utarudi mbele.

Philip Anderson mwaka 1973 ndiye aliyesema, kwa latisi ya pembetatu, yaani atomu zilizopangwa kwa pembetatu zinazojirudia, labda spini hazichagui mpangilio wowote, labda zinakaa jozi jozi za singleti na hizo jozi zinabadilishana wakati wote, mchanganyiko wa kila namna ya kujipanga jozi kwa pamoja. Wazo tamu kweli. Ila kwa modeli aliyoitumia, spini tupu na J ya majirani tu, hesabu za kompyuta za baadaye zilionyesha kwamba spini zinajipanga mwishowe kwa pembe ya digrii 120 kila moja na mwenzake. Kwa hiyo pembetatu peke yake haitoshi. Ukisukuma U ikawa kubwa sana unaishia kwenye hiyo sumaku ya digrii 120. Dawa iko katikati, pale ambapo metali imekufa lakini haijapoa bado.

Atomu 12 kwenye laptopu

Sasa fungua mashine. Unahitaji Python, NumPy na SciPy, zipakue ukiwa kwenye eduroam ya chuo usije ukamaliza bando bure. Chukua atomu 12 kwenye latisi ya pembetatu, elektroni 12, sita juu sita chini. Namna ya kuweka sita kwenye nafasi 12 ni 924, kwa hiyo jumla ya hali ni 924 mara 924, sawa na 853,776. Ukijaribu kuandika matriksi nzima ya ukubwa huo inataka karibu terabaiti 6, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema twende Colab, kompyuta za Google za mtandaoni.

Haina haja. Ujanja ni huu, na kwangu mimi ndio utamu wa kazi yote: usiandike matriksi kubwa kabisa. Tengeneza K moja tu ya 924 kwa 924 ya kuruka kwa elektroni za spini juu, na kwa sababu latisi ni ileile, ya spini chini ni hiyohiyo. Halafu hali ya kwanta usiiweke kama vekta ndefu, iweke kama jedwali Ψ la 924 kwa 924, safu mlalo ni mpangilio wa juu, safu wima ni mpangilio wa chini. Kuitumia hamiltonia, yaani kanuni nzima ya nishati ya mfumo, inakuwa K mara Ψ, jumlisha Ψ mara K, jumlisha U mara idadi ya atomu zenye elektroni mbili zidisha na Ψ kipengele kwa kipengele. Mistari mitatu. Jedwali zima ni MB 7 tu. Hiyo fanksheni unaipa LinearOperator ya SciPy na kuipeleka kwa eigsh, yeye anafanya Lanczos, njia ya kuisaka hali ya chini kwa kuzidisha tena na tena, anakuletea nishati ya chini. K iweke kama matriksi yenye mapengo, sparse kama wanavyoiita wenyewe, kwa sababu karibu yote ni sifuri.

Umbo la latisi usilichague ovyo. Tumia vekta mbili za msingi zenye pembe ya digrii 60, atomu iko kwenye (m, n), majirani ni (1,0), (0,1), (1,−1) na kinyume chake. Halafu funga kipande kwa mizunguko (2,2) na (−2,4), unapata atomu 12 kamili na viungo 36. Kwanini hii na siyo 4 kwa 3 ya kawaida? Kwa sababu mpangilio wa digrii 120 unagawa atomu rangi tatu, rangi ni m − n ukigawa kwa 3 unachukua baki, na mzunguko wa 4 unaivunja hiyo rangi, unakuwa umeiua sumaku kwa mkono wako mwenyewe halafu unashangilia eti umepata kimiminika. Banange, hiyo ni kujidanganya mchana kweupe.

Kinachowaangusha wengi ni alama ya kutoa. Elektroni ikiruka kutoka atomu ya 2 kwenda ya 9, hesabu elektroni za spini ileile zilizoko katikati kwa mpangilio wako wa namba, zikiwa witiri unazidisha na −1. Za spini nyingine usizihesabu, ukiweka juu zote kwanza na chini baadaye hazikuhusu.

Utajuaje code iko sawa? Weka U = 0. Ngazi za nishati za hiki kipande ni moja kwenye −6t, sita kwenye −t, tatu kwenye +2t na mbili kwenye +3t. Jaza sita za juu na sita za chini, jibu lazima liwe −22t, siyo −21.9. Alafu geuza t iwe na alama kinyume, U yoyote ile, nishati isibadilike hata kidogo, maana kwenye kujaa nusu elektroni na matundu, yaani nafasi tupu, wanabadilishana nafasi na hesabu inabaki. Kama hivyo viwili vimepita, na atomu mbili zinakupa zile namba za juu, endelea kwa amani. Kama moja imekataa usiendelee, rudi kwenye alama ya kutoa, karibu kila mara tatizo liko hapo.

Halafu tembeza U kutoka 0 mpaka 16 kwa hatua za nusu, kati ya 7 na 12 punguza hatua. Kila ukimaliza U moja hifadhi nishati na Ψ kwa np.save, umeme ukikatika katikati hausumbuki, unaanzia ulipoishia. Unaweza pia kutumia Ψ ya U iliyopita kama mwanzo wa inayofuata, inaharakisha kweli, lakini changanya na namba za bahati nasibu kidogo, maana Ψ ya zamani ina simetria yake na Lanczos haitoki nje ya hiyo simetria, kwa hiyo kama hali ya chini imebadilishana na nyingine njiani wewe utaendelea kuifuata ya zamani bila kujua.

Unasoma nini kwenye namba

Kuna vitu vinne vya kuangalia na siyo vyote vina uzito sawa.

Pengo la chaji ndilo la kwanza. Unapiga nishati ya elektroni 13, jumlisha ya elektroni 11, toa mara mbili ya 12. Hiyo ndiyo gharama ya kutengeneza mkondo wa umeme. Kwa U = 0 kwenye kipande hiki ni sifuri kamili, jaribu: −23 na −21 na −22 mara mbili. Ukiongeza U linapanda. Kwenye atomu 12 halitakaa sifuri likaruka ghafla, litapanda kwa mwinuko, kwa hiyo tafuta pale mwinuko unapobadilika badala ya kutafuta ukuta. Sambamba nalo angalia uwezekano wa kukaa elektroni mbili pamoja kwa kila atomu, metali isiyo na kusukumana inataka 0.25, na huo unauona unaporomoka.

La pili ni sumaku ya digrii 120. Chukua uwezekano wote ndani ya Ψ, yaani kila kipengele kipeo cha pili, kwa kila mpangilio piga spini ya kila atomu mara namba changamano yenye pembe ya digrii 120 mara rangi yake, jumlisha zote, chukua ukubwa kipeo cha pili, gawa kwa 12. Kwa sababu ya zile rangi tatu huhitaji kabisa kushughulika na vekta za mawimbi. U ikiwa kubwa hii namba inapanda, sumaku inaingia.

Sasa angalia hizo mbili pamoja kwenye grafu moja. Kama pengo la chaji limeshafunguka na sumaku bado haijapanda, huo upenyo katikati ndio unaoutafuta. Kwa atomu 12 utaona kivuli tu cha huo upenyo. Waliofanya kwa ukubwa wa maana, Szasz, Motruk, Zaletel na Moore mwaka 2020, walitumia DMRG, njia ya kompyuta inayobakiza sehemu muhimu tu za hali ya kwanta, kwenye silinda ndefu wakakuta metali mpaka U/t karibu 8.5, kimiminika cha spini mpaka karibu 10.6, halafu sumaku. Kumbuka upana wa bendi ya pembetatu ni 9t, kwa hiyo mgeuko unatokea pale U na upana wa bendi vinapolingana, kama Mott angetegemea.

La tatu ni mzunguko. Kimiminika chao kilikuwa cha aina ya kuzunguka, spini zinachagua kama saa au kinyume cha saa bila kuelekea popote. Ukitaka kukiona kwenye Ψ yako usipime mzunguko wa pembetatu moja, utapata sifuri daima kwa sababu Ψ yako ni namba halisi tupu. Pima uhusiano wa mizunguko ya pembetatu mbili zilizo mbali. La nne, pengo la spini, unalipata kwa kupiga elektroni 7 juu 5 chini ukatoa nishati ya 6 na 6, lakini kwa kipande kidogo hivi mimi siliamini sana, liko wazi kila mahali kwa sababu tu ya udogo.

Kwa nini iwe katikati na siyo kwingine

Ukichukua U kubwa sana, kati ya zile hali 853,776 zinabaki 924 tu zenye elektroni moja moja kila atomu, dunia ya spini peke yake, na J ndiye bosi. U ikishuka, kuchungulia kwa jirani hakuishii kwa jirani mmoja. Elektroni nne kwenye rombasi, yaani pembetatu mbili zilizoshikana ubavu, zinaweza kubadilishana nafasi kwa mzunguko, kila moja inasogea hatua moja, na hiyo nguvu inakwenda kama t⁴/U³. U ikiwa 20 ni uchafu mdogo usioonekana, U ikiwa 9 inatosha kuvuruga pembe za digrii 120. Motrunich mwaka 2005 alionyesha kwamba ukiiweka hii mizunguko kwa nguvu ya kutosha sumaku inakufa na spini zinaanza kufanana na metali.

Kufanana vipi? Mwaka huohuo Sung-Sik Lee na Patrick Lee waliisema vizuri. Elektroni ifikirie imegawanyika vipande viwili, kimoja kimebeba chaji bila spini, kingine kimebeba spini bila chaji, hicho cha pili wanakiita spinoni. Kwenye metali vile vya chaji vimetiririka pamoja kwa hiyo vipande viwili vinatembea kama kimoja na wewe unaona elektroni ya kawaida. Ukiongeza U vile vya chaji vinaganda, kila kimoja kwenye atomu yake, umeme kwisha, lakini spinoni hazijaambiwa chochote, bado zina uso wao wa Fermi, ule mpaka kati ya ngazi zilizojaa na zilizo tupu unaoipa metali tabia yake, na zinaendelea kutembea. Kwa hiyo hiki kihami kinaweza kupitisha joto kama metali, na joto mahususi lake, yaani joto la kukipandisha kelvini moja, likashuka kwa mstari ulionyooka na kelvini, kama la shaba. Senthil mwaka 2008 akaenda mbele akasema mgeuko huu unaweza kuwa laini bila kuruka, upande wa metali elektroni zinazidi kuwa nzito mpaka ukomo, ingawa ukinzani wa metali ya bapa peke yake unaruka kwa kiasi cha ukubwa wa h/e² (h ni namba ya Planck, e ni chaji ya elektroni), yaani kilo-ohmu 25.8 hivi. Mimi hiyo picha ya vipande viwili ndiyo iliyonifanya niipende hii fizikia kuliko zingine zote, ingawa haiendani moja kwa moja na kile cha kuzunguka kilichopatikana 2020, na huo ugomvi bado unaendelea.

Kwenye fuwele halisi

Huko kitufe cha U kinazungushwa kwa presha. Ukibana fuwele, molekuli zinakaribiana, t inapanda, U/t inashuka. Fuwele iliyoanzisha kelele ni ya kikaboni, κ-(BEDT-TTF)₂Cu₂(CN)₃, ambayo molekuli zake zinakaa jozi na jozi zinapangana karibu kama pembetatu sawa. Shimizu, Kanoda na wenzao Japani mwaka 2003 walikuta J yake ni kama kelvini 250 lakini waliipoza mpaka milikelvini 32 bila kuona sumaku yoyote. Ukiibana inakuwa metali, na ukiipoza ikiwa chini ya presha inakuwa kipitishi kamili kisicho na ukinzani kwenye kelvini 4 hivi.

Lakini usimeze kila kitu. Mwaka 2008 joto mahususi lilionyesha ule mstari ulionyooka kama wa metali, 2009 upitishaji wa joto kwenye fuwele hiyohiyo ukaonyesha kuna pengo, na 2021 vipimo vya mwangwi wa spini za elektroni vikasema chini ya kelvini 6 spini zinajifunga jozi zisizotembea. Ndugu yake wa Pd(dmit)₂, fuwele nyingine ya molekuli, aliripotiwa 2010 kupitisha joto kama metali, halafu 2019 makundi mawili tofauti wakapima hawakuona. Kutoona sumaku siyo ushahidi wa kimiminika, fuwele chafu nayo inaweza kukuonyesha hivyohivyo.

Kinachonipa hamu zaidi ni bapa mbili nyembamba za atomu zilizolaliana, MoTe₂ juu ya WSe₂ kule chuo cha Cornell, na WSe₂ iliyopindwa kule chuo cha Columbia, zote Marekani mwaka 2021. Hapo latisi ya pembetatu inajitengeneza yenyewe kwa kutolingana kwa bapa, na kitufe chako ni volteji badala ya presha. Zote mbili ziliona metali ikigeuka kihami bila kuruka, taratibu kabisa.

Ukimaliza atomu 12 na bado una hamu, usikimbilie 16 za Hubbard, hali zake ni 165,636,900 na jedwali moja tu linakula GB 1.3, na Lanczos haikai na jedwali moja. Tupa chaji, baki na spini tu. Spini 24 ni hali 2,704,156, laptopu inaweza, funga kipande kwa (6,0) na (−2,4) ili rangi tatu zibaki salama. Weka J kwa viungo 72 na mzunguko wa spini nne kwa rombasi 72, anza mzunguko ukiwa sifuri upate ile sumaku ya digrii 120, ndipo uanze kuupandisha kidogokidogo uangalie ile namba ya sumaku ya rangi tatu inaanguka wapi.